Umepaka mbegu, sawa. Umevumbua nini?

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mbegu huku Uyole, kila msimu hakosekani mmoja mwenye chupa ya mchanganyiko wake wa kupaka mbegu anayeuliza habari za hataza (hati ya kulinda uvumbuzi, yaani patent) BRELA, wakala wa serikali anayezisajili. Ni vizuri, ila jiandaeni kwa ubishi. Mbegu za mahindi za dukani zimepakwa rangi na dawa tangu zamani. Mbegu za karoti na tumbaku huviringishwa kwa udongo laini au talki zipate ukubwa wa kushikika.

Sheria inataka mambo matatu: upya, hatua ya uvumbuzi, na kufaa viwandani. La tatu halisumbui. Upya nao hupita, maana ukibadilisha gundi kidogo tu huenda hakuna aliyewahi kuandika kitu kilekile. Kilio kiko kwenye hatua ya uvumbuzi: je, fundi wa kawaida wa fani hii asingefika hapo mwenyewe? Vumbi la dawa linalobanduka kwenye mbegu ni tatizo linalojulikana dunia nzima. Mwaka 2008 kule Baden-Württemberg, Ujerumani, nyuki walikufa kwa wingi kwa sababu dawa ya wadudu haikushika vizuri kwenye mbegu za mahindi, ikapeperuka wakati wa kupanda. Kwa hiyo ukiandika tu kwamba polima yako (ile gundi ya kushikisha dawa) inapunguza vumbi na mbegu zinateleza vizuri kwenye mashine ya kupandia, hujasema kitu.

Wengi huharibu kwenye majaribio. Wanalinganisha mbegu zao na mbegu tupu, na bila shaka wanashinda! Anayepinga ombi lako ataleta mbegu zilizopakwa polima ya kawaida, tofauti yako yote iyeyuke. Linganisha na upako ulio karibu zaidi na wako: mbegu za fungu moja, unyevu uleule, kiasi kilekile, ubadilishe kitu kimoja tu. Kisha pima sekunde ambazo kilo moja inatumia kupita kwenye faneli, gramu za vumbi linalokung'utika, na mashimo ambayo planta, yaani mashine ya kupandia, imeyaruka bila mbegu. Rudia Januari mvua zikichanganya, maana upako mwingine hunata hewa ikiwa na unyevu. Uotaji pia upimwe. Mbegu inayoteleza na haioti ni ya nini?

Halafu madai, yaani yale unayoomba yalindwe, yasizidi data. Umejaribu polima asilimia 4 na 6, unadai 1 hadi 30?

Na chonde, usiupeleke upako wako maonyesho ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale kabla ya kuwasilisha ombi, maana ukishauonyesha hadharani upya unaweza kupotea. Mteja akitaka sampuli mapema, asaini kwanza makubaliano ya kutunza siri.