Pochi Imerudi, Hela Kamili. Mbona Tunashangaa?

MUULIZE SHANGAZI

*Shikamoo Shangazi.*

*Mimi ni mhasibu. Nikitoka kazini jioni hupita kwenye jengo ambalo watu wasio na makazi hulala barazani pake. Mwezi uliopita nilidondosha pochi yangu hapo bila kujua. Ndani mlikuwa na kitambulisho, kadi ya benki na kodi ya nyumba yote, taslimu. Usiku ule sikulala. Siku ya pili yake mzee mmoja wa pale barazani akaniita kwa jina, jina alilolisoma kwenye kitambulisho, akanikabidhi pochi. Hela kamili. Alikuwa ameifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu mvua ilinyesha.*

*Nikampa kiasi fulani kumshukuru. Akakataa, nikasisitiza, akapokea. Kesho yake nimepita, yeye bado peku, ila mama mwenye mtoto mchanga anayelala pembeni yake ana blanketi jipya. Nikamuuliza mzee. Akasema tu, "Mtoto alikuwa anakohoa." Shangazi, nilikasirika. Nilimpa yeye, sikuwapa wao.*

*Wenzangu ofisini wanasema ni mbinu, ananilainisha aje kuomba kikubwa. Mume wangu anasema nimebahatisha, wale ni wezi. Mimi naona nimpige picha, niweke mtandaoni, watu wamchangie. Nishauri.*

*Mwenye Pochi*

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kilichonishika kuliko zile hela ni ule mfuko wa plastiki.

Anayelala nje anajua vizuri kuliko mimi na wewe hasara ya kitambulisho kulowa au kupotea. Bila kitambulisho hapangishwi chumba, hafungui akaunti, hasajili laini ya simu, na hata akipata kazi haandikwi. Akienda kuomba kingine, swali la kwanza ni anaishi wapi. Ndiyo maana karatasi zake huzifunga kwenye plastiki, akazifunga tena, kisha akazilalia. Mzee yule aliitunza pochi yako jinsi anavyotunza vya kwake. Mtu wa mbinu angekutafuta siku ileile, mkono mbele.

Nilifanya kazi ya ustawi wa jamii mpaka nikastaafu, na muda mwingi nilikuwa zamu ya usiku kwenye kituo wanakolala wasio na makazi. Ukumbi mmoja, magodoro sakafuni, hakuna kabati lenye kufuli. Tundu la umeme lililokuwa zima lilikuwa moja tu, karibu na mlango wa stoo. Simu zote zilichajiwa hapo kwa zamu, na kila usiku wenyewe walimkabidhi kijana mmoja azilinde. Kijana huyo alikuwa ametoka jela kwa kosa la wizi, na hakuna asiyejua. Nikamuuliza mama mmoja kwa nini wamchague yeye. Akanijibu huku anakunja shuka lake: "Halali mapema. Na akikwambia atakuamsha saa kumi, anakuamsha saa kumi." Sikuwahi kusikia simu imepotea mikononi mwake.

Wewe ukitoka unafunga mlango. Asiye na mlango, kufuli lake ni jirani. Akienda msalani, akienda kutafuta kibarua, akiugua, mzigo wake unabaki na mtu. Anayewaibia wenzake hukosa pa kulala na hukosa wa kumwamsha hatari ikija. Sisemi wizi haupo. Upo, na wanaoibiwa mara nyingi ni haohao wanaolala nje. Ila uaminifu nao upo, tena unatumika kutwa kucha, kwa sababu bila huo hakuna atakayefumba macho.

Na bado mzee wako alifanya zaidi ya hapo. Wewe si jirani yake, na hakuna aliyekuwa anamwona alipoiokota ile pochi. Angeweza kuhama baraza tu, na usingempata tena.

Hayuko peke yake. Mwaka 2013 huko Kansas City, Marekani, mwanamke mmoja alimwagia mtu asiye na makazi sarafu kwenye kikombe, na pete yake ya uchumba ikaingia humo bila yeye kujua. Yule bwana aliipeleka kwa sonara, akatajiwa dola 4,000. Mwenye pete aliporudi kuulizia, akamrudishia. Mwaka huohuo huko Boston, mtu mwingine aliyekuwa akiishi kituoni aliokota begi lenye zaidi ya dola 2,400 taslimu na hundi za wasafiri za karibu dola 40,000. Akasimamisha gari la polisi, akawakabidhi.

Nakutajia habari hizi, lakini kuna kinachoniuma ndani yake. Kwa nini ziliizunguka dunia nzima? Angerudisha begi lile mwalimu au dereva, ingekuwa habari ya siku moja mtaani kwake. Mshangao wetu unaonyesha tulichokuwa tumekitarajia. Mwambie mumeo na hili. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa pochi zaidi ya 17,000 zilizokabidhiwa, kana kwamba zimeokotwa, kwa wafanyakazi wa mapokezi kwenye benki, hoteli, posta na ofisi nyingine katika nchi 40. Ni watu wenye kazi na meza zao. Pochi zisizo na hela, walioandika kumtafuta mwenyewe walikuwa asilimia 40. Zenye hela, asilimia 51. Kwa hiyo karibu nusu ya pochi zenye hela mwenyewe hakutafutwa, na hatukusema kwamba watu wa mapokezi ni wezi. Tulisema wapo waaminifu na wapo wasio waaminifu. Basi kipimo hichohicho tukitumie barazani.

Dhana hii haikuanza na mumeo. Imeandikwa kwenye sheria kwa muda mrefu. Uingereza ilitunga Sheria ya Uzururaji mwaka 1824, na sheria za mfano huo zikaenea kwenye makoloni yake, zikabaki hata bendera ziliposhushwa. Chini yake mtu aliweza kukamatwa kwa kuonekana tu hana kazi wala anuani, bila kuiba hata sindano. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Vizazi kwa vizazi tuliona asiye na makazi akipandishwa kwenye karandinga, tukahitimisha kwamba lazima ana kosa.

Sasa blanketi. Hapa, binti yangu, nakupinga waziwazi. Ulipompa zile hela zilikuwa zake. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na sisi tunaisoma methali hiyo kana kwamba tajiri peke yake ndiye anaambiwa. Mzee ana jirani ambaye mtoto wake anakohoa usiku kucha, nusu mita kutoka kichwani pake. Wewe ungenunua viatu? Tena kuna hesabu nyingine, na wewe mhasibu utaielewa haraka. Kitu cha ziada hakina pa kuwekwa. Kitaloa, kitaibiwa, au kitazolewa asubuhi na wasafisha mji pamoja na maboksi ya kulalia. Akimpa mama yule leo, ameweka akiba mahali pekee panapowezekana, kwa mtu. Siku yeye akipata homa, ndiye atakayemletea maji. Kituoni niliona blanketi moja likipita kwa watu wengi, kila mara kwa anayetetemeka zaidi, na aliyelitoa hakudai lirudi.

Kuhusu picha, tafadhali usimpige. Walau usimpige kabla ya kumuuliza, na umuulize ukiwa umekaa naye, simu ikiwa mkobani. Huwezi kujua anamkimbia nani. Huwezi kujua kama wanawe wanajua anapolala. Picha ikishatoka hairudi, na ikienda na habari kwamba amechangiwa hela, wa kwanza kumfikia wanaweza kuwa wale wanaopiga watu usiku.

Kuna sababu nyingine, na ndiyo inayonikalia moyoni zaidi. Mei 2017, bomu lilipolipuka kwenye ukumbi wa muziki huko Manchester, Uingereza, na kuua watu 22, wanaume wawili wasio na makazi waliokuwa karibu waliwakimbilia majeruhi. Mmoja alisimulia jinsi alivyochomoa misumari kwenye mikono ya watoto. Magazeti yaliwaita wote wawili mashujaa, na michango mikubwa ikakusanywa. Baadaye kamera zikaonyesha kwamba yule wa pili, katikati ya majeruhi haohao, aliiba pochi na simu. Januari 2018 akahukumiwa kifungo cha miaka 4 na miezi 3, na michango yake ikarudishwa kwa waliotoa. Wapo waliosema, mnaona, tuliwaambia. Lakini wa kwanza hakuiba kitu. Kwa nini la mmoja likawa tabia ya wote, na la mwenzake likabaki ajabu ya mtu mmoja?

Ndiyo maana naogopa ukimfanya mzee wako malaika wa mtandaoni. Malaika hasamehewi. Siku atakayonunua sigara, akigombana na mlinzi, akikujibu vibaya kwa sababu hakulala, walewale waliomchangia watamtukana. Hahitaji kuwa malaika ili apate viatu. Na wenzake wa pale barazani, ambao hawakuokota pochi ya mtu, nao wana miguu.

Akikubali kuchangiwa, iwe bila sura yake, na hela zishikwe mahali atakapoamua yeye, akiwa na mtu wa kumshauri. Yule bwana wa Kansas City alichangiwa zaidi ya dola 180,000, na alipata wakili wa kumsaidia kuzitunza. Hela nyingi mikononi mwa mtu asiye na mlango ni hatari.

La kwanza kabisa, muulize jina lake. Yeye la kwako analijua, na kwenye barua yako nzima la kwake halimo. Kisha muulize anataka nini, umsikilize hata kama si ulichokifikiria. Kama hana kitambulisho, mfuate siku moja mpaka dirishani, ukae naye kwenye foleni. Karani husema vingine akiona mhasibu amesimama pembeni, na inaniuma kwamba ndivyo ilivyo. Na kama anatafuta kazi, mwandikie barua ya kumshuhudia: tarehe fulani nilipoteza kiasi fulani, huyu akanirudishia chote. Weka sahihi na namba yako ya simu. Barua ya namna hiyo wenzako wengi wa ofisini hawana.

*Shangazi, shikamoo. Mimi niko chuoni. Baba ananikataza kuwapa hela wanaolala nje, anasema zote ni za pombe. Nitoe, au ninunue kitu badala ya hela?*

*Kijana wa Chuo*

Marahaba, baba. Huko Vancouver, Kanada, watafiti waliwapa watu 50 wasio na makazi dola 7,500 za Kanada kila mmoja, mara moja, bila masharti, wakawafuatilia mwaka mzima na kuwalinganisha na wenzao ambao hawakupewa. Matokeo yalichapishwa 2023. Waliopewa walikaa bila makazi kwa siku chache kuliko wenzao, waliweka akiba zaidi, na matumizi yao ya pombe, dawa za kulevya na sigara hayakupanda. Watafiti waliwauliza pia watu wa kawaida wangetarajia nini, nao wakabashiri kama baba yako. Mweleze na hili usimfiche: wenye ulevi mkubwa au maradhi mazito ya akili hawakuingizwa kwenye jaribio lile, kwa hiyo halijibu kwa niaba ya kila mtu. Wapo wanaokunywa, kama wapo wenye nyumba wanaokunywa.

Ukiwa nayo na moyo unataka, toa, na ukishatoa usimfuate kwa macho. Ukipenda kununua kitu, muulize kwanza, maana huenda ni mtu wa tano kumletea kilekile leo. Na asipokuwepo wa kumuuliza, nunua soksi mpya. Kituoni kwetu ziliisha kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu anayetembea mchana kutwa na kulala na viatu asiibiwe, ngozi ya miguu huloa na kuchubuka mpaka hawezi kwenda kutafuta kibarua. Wanawake uwapelekee na pedi. Hizo wengi huona haya kuziomba, hasa kwa kijana wa kiume, kwa hiyo ziweke kwenye mfuko usioonyesha ndani, umpe kwa heshima, uendelee na safari yako.