Maswali ya Wasomaji: Mayai ya Geko na Joto la Mombasa

Geko wangu chui, yule mjusi wa madoa mwenye asili ya Pakistani na Afuganistani, ametaga mayai mawili jana usiku. Jirani yuko tayari kuniazima mashine yake ya vifaranga. Niyatie humo? – Msomaji, Kisauni

Mshukuru jirani, lakini usiyatie. Mashine ya kuku huwekwa nyuzi 37.5, na joto hilo litayaua. Halafu ile trei ya kugeuza: yai la kuku hutaka kugeuzwa, la geko halitaki kabisa. Kiinitete hujishikiza upande wa juu mapema sana, na ukiligeuza yai baadaye kinaweza kufa. Kwa hiyo kabla ya kulinyanyua, tia alama ya penseli juu yake, na alama hiyo ibaki juu hadi siku ya kutotoa. Yakiwa yameshikana, yaache hivyo hivyo.

Mayai yatalazwa kwenye vermikulaiti, chembe nyepesi za madini zinazoshika maji. Inunue kwenye maduka yanayouza vifaa vya vitalu vya miche. Pima gramu 100, uchanganye na gramu 100 za maji. Ukiiminya ishikane, isitoe zaidi ya tone moja au mawili. Mchanga wa ufukweni usiuguse, kwani chumvi yake hunyonya maji ya yai. Unga wa makumbi nao, kama makumbi yalilowekwa baharini, ni hivyo hivyo mpaka uoshwe mara kadhaa kwa maji yasiyo na chumvi.

Jaza mchanganyiko sentimita 5 kwenye kikopo cha plastiki chenye mfuniko, ufukie mayai nusu. Toboa matundu mawili madogo ubavuni. Kisha kipime kikopo kizima kwenye mizani ya jikoni na uandike uzito wake juu ya mfuniko. Kila wiki pima tena. Kikipungua gramu 6, rudisha gramu 6 za maji, pembeni, si juu ya mayai. Mizani hukueleza ukweli ambao kidole hakiwezi.

Joto la nyuzi 28 au 29 ndilo tunalopendelea. Kwa nyuzi 26 karibu wote hutoka majike, na kwa 32 wengi huwa madume. Mombasa shida si kupata joto, ni kulizuia lisipande. Wakati wa kaskazi, chumba chenye paa la mabati hupita nyuzi 34 mchana, na mayai yakikaa hapo kwa saa nyingi huharibika. Weka kikopo ndani ya boksi la foamu pamoja na chupa mbili za maji za lita moja na nusu, sakafuni, chumba cha ndani, mbali na dirisha. Maji hupunguza kupanda na kushuka kwa joto, hata stima ikipotea. Kipimajoto kiwe cha waya, ncha yake iwe sawa na mayai. Juu ya friji usiweke, joto lake halitulii.

Kwa nyuzi 32 hutotoa kwa takriban siku 40 hadi 45. Kwa 27, tarajia miezi miwili au zaidi kidogo.

Siku ya 12, yai moja limebonyea na jingine lina ukungu. Niyatupe? – Msomaji, Likoni

Bado. Kubonyea mapema maana yake ni ukavu: ongeza maji pembeni na ungoje siku mbili au tatu, mara nyingi hujaa tena. (Likibonyea na kutoa jasho siku za mwisho kabisa, hiyo ni dalili ya kutotoa.) Ukungu ufute taratibu kwa pamba kavu, na kama mfuniko unadondosha matone, upanguse. Kisha zima taa, sogeza tochi ya simu ubavuni mwa yai bila kulinyanyua. Mishipa myekundu ikionekana, lina uhai. Likiwaka manjano tupu, likanywea na kunuka, litoe. Jike hutaga hata bila dume, na mayai hayo ndiyo yanayovamiwa na ukungu kwanza.

Mtoto ametoka siku mbili sasa, hagusi chakula. – Msomaji, Changamwe

Ni kawaida. Bado anatumia kiini alichotoka nacho, na hujichuna ngozi ya kwanza ndani ya siku chache kabla ya kula. Mweke peke yake, juu ya tishu ya jikoni na si mchanga, kwa sababu akiumeza unaweza kumziba tumbo. Mpe kijificho chenye unyevu ili ngozi isimbane vidoleni, na maji kwenye kifuniko kifupi. Baadaye mpe nyenje wadogo kila siku, wasiozidi upana wa nafasi kati ya macho yake, waliopakwa unga wa kalsiamu. Na aliye bado kwenye gamba, msimvute: anaweza kuchukua siku nzima, na kumvuta hupasua mfuko wa kiini.

Nimekuta mayai meupe magumu nyuma ya kabati. – Msomaji, Mji wa Kale

Ni ya mjusi kafiri. Gamba lake ni gumu, halinywi maji kama la geko chui, na ukilibandua ukutani hupasuka. Rudisha kabati polepole, yatatotoa yenyewe.