Nakagua madaftari kila usiku, mbona alama zinashuka?

SWALI: Mwanangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili shule ya kutwa. Darasa la saba alifaulu vizuri. Muhula huu Hisabati kapata 28. Kila usiku nakagua madaftari na kukaa naye mpaka amalize mazoezi, akikosea namgombeza. Baba yake anasema nimwache, ameshakua. Kitaalamu, kumfuatilia kijana kunapandisha alama au kunazishusha? – Mzazi, Morogoro

JIBU: Pole, mama. Inategemea unafuatilia nini, na kwa namna gani.

Mwaka 2009 Nancy Hill na Diana Tyson walijumlisha matokeo ya tafiti 50 kuhusu vijana wanaoingia balehe. Kilichoendana zaidi na ufaulu ni mzazi kuzungumza na mtoto: anataka kufika wapi, somo hili litamfikishaje, wewe unamtarajia nini. Msaada wa mazoezi ya nyumbani ndio uliokwenda kinyume, ukiandamana na alama za chini. Ila usikimbilie kujilaumu. Ukihesabu nyumba zenye dawa ya malaria utakuta wagonjwa wengi, na dawa haina kosa. Wazazi wengi huhamia mezani alama zikishaanguka, kama wewe.

Kugombeza ni habari nyingine. Laurence Steinberg na wenzake walifuatilia vijana wapatao 6,400 wa Marekani, wakachapisha mwaka 1992: ushiriki wa mzazi ulileta faida zaidi kwenye nyumba zenye upendo, kanuni zinazoeleweka na mtoto anayesikilizwa. Kwenye nyumba za amri tupu, faida ilipungua. Hao ni Wamarekani, lakini kwa vijana ninaokaa nao ofisini naliona hilohilo: anayeogopa kukosea huficha alipokwama. Baba yake naye asishangilie, maana vijana walioachiwa kabisa ndio hufanya vibaya kuliko wote.

Kuna jambo hukulitaja, nami ndilo ningeanza nalo. Kama alisoma shule ya msingi ya serikali, alijifunza hesabu kwa Kiswahili miaka saba, kisha kidato cha kwanza akazikuta kwa Kiingereza. Leo usiku mpe swali moja, akueleze kwa Kiswahili linataka nini kabla hajashika kalamu. Akishindwa kueleza, lakini wewe ukimfafanulia akalifanya, tatizo ni lugha. Hilo haliponi kwa ukali, wala kwa twisheni ya kukariri kanuni.

Saa ya kusoma ipangeni pamoja, na simu ikae kwako muda huo. Somo la kuanza nalo achague mwenyewe. Badala ya kukagua kila ukurasa, muulize amekwama wapi.

Kisha kamwone mwalimu wa Hisabati, uende na kijana na karatasi yake ya mtihani. Ripoti inakwambia amepata 28. Karatasi ndiyo itakayowaonyesha zile 72 zimepotelea wapi.