Hela ya kiwanja ninayo ila naogopa kupigwa

SWALI: Kaka habari, mi ni nesi nipo Nyakato, Mwanza. Nimejichanga milioni sita, kuna kiwanja Igombe kinatazama ziwa nakipenda sana ila kila nikitaka kulipa moyo unagoma. Dalali nae ananipigia kutwa eti kuna mtu mwingine anakitaka. Huu woga nautoaje?

JIBU: Salama dada. Mi kazi yangu kupima ardhi, na huo woga wala usiutoe haraka, jiulize kwanza unaogopa nini hasa, maana "kupigwa" kuko kwa aina nyingi na kila aina ina pa kwenda kuulizia.

Unaogopa muuzaji sio mwenye mali? Kama kiwanja kimepimwa omba namba ya kiwanja na kitalu, nenda kwa msajili wa hati ukafanye search, yaani upekuzi wa kumbukumbu za kiwanja, utaona jina la mmiliki na kama kimewekwa rehani benki au kina zuio. Kama hati bado haijatoka uliza halmashauri ya Ilemela. Kama hakijapimwa kabisa hapo ndo uongee na majirani wa pande zote, na ujue muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi tu, sio hati. Mke au mume wa muuzaji nae awepo asaini, hili watu wanalidharau sana.

Ila chako mi kinanitisha hapo kwenye "kinatazama ziwa". Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ujenzi na shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kuna mzee aliniita 2020 nimtafutie bikoni zake, yale mawe ya mipaka ya kiwanja, tukazikuta mbili, ya tatu ipo ndani ya maji imeota majani na watoto wanafulia pembeni yake, ziwa lilikuwa limejaa mwaka ule na 2024 likajaa tena. Mzee alinunua kiangazi. Kwahiyo nenda na mtu mwenye tepu au GPS mpime kuanzia maji yanapofikaga yakijaa, sio yalipo leo.

Halafu milioni sita usiimalize yote kwa muuzaji, kuna mwanasheria, mpima, uhamisho wa umiliki. Kodi ya ongezeko la mtaji, ile ya faida anayopata mtu akiuza mali, ni ya muuzaji ila wengi wanamsukumia mnunuzi, muelewane kabla. Ukilipa pitisha benki.

Huyo dalali mwambie leo akupe namba ya kiwanja. Akianza kuzungusha maneno usibishane nae, panda hiace urudi zako Nyakato.