Powa steringi ikilia, usikimbilie kununua pampu

Mwaka jana Kikumi yangu (Toyota Corolla 100) ilianza kulia kila nikikata kona, yaani kama ndama aliyefungwa mbali na mama yake, na asubuhi nikitoka paking steringi ni nzito mpaka mabega yanauma. Fundi wa kwanza hata hakuinama, alifungua boneti tu, akasikiliza, "bosi, pampu imekufa". Nikatoa hela, pampu mpya ikafungwa, oili ikajazwa, gari ikawa laini kabisa. Wiki mbili tu, ndama karudi.

Nilipofika Arua, kule Uganda, nikampelekea mzee mmoja fundi. Pampu hakuigusa. Alilala chini ya gari, akashika ule mpira wenye mikunjomikunjo karibu na tairi, akalegeza klipu, oili nyekundu ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko. "Mtoto wangu, oili yako inapotelea huku, pampu inavuta hewa, itaacha kulia?"

Akanielewesha. Pampu inazungushwa na belti ya injini, kazi yake kusukuma oili tu. Oili inaenda mpaka pale chini steringi inapokutana na reki, pana vali, na ndani yake kachuma kembamba ambako ukikata steringi kanajipinda kidogo saaana, na huko kujipinda ndiko kunafungua njia, oili iende kushoto au kulia. Reki ni chuma kirefu chenye meno, pinioni ni kagia kanakokisukuma huku na huku, sasa juu ya hicho chuma kuna pistoni, oili ikibana upande mmoja wewe unasaidiwa, ya upande wa pili inarudi kwenye kikopo chake. Ndio maana injini ikizima njiani bado unaweza kukata kona, meno yanashikana vilevile, ila ni nguvu zako mwenyewe (na usichomoe ufunguo, hapo steringi inaweza kujifunga kweli).

Na oili ya steringi haiungui kama ya injini. Ikipungua, inavuja, basi. Kwangu mpira ulikuwa na kapasuko kadogo kwa juu, vumbi na maji vikaingia, chuma kikashika kutu, kutu ikala sili, yaani ule mpira mdogo unaozuia oili isitoke. Mzee akashusha reki, akasugua kutu, akaweka sili na mipira mipya. Ukiweka sili mpya juu ya kutu umetupa hela.

Kutoa hewa tulifanya hivi: jeki mbele, injini imezimwa, unazungusha steringi mwisho hadi mwisho mara nyingi huku unaongeza oili, halafu unawasha unarudia mpaka povu liishe kwenye kikopo. Kikumi inatumia ATF, ile ya giaboksi ya otomatiki, lakini Honda ina yake, soma kifuniko kwanza. Na ukipaki usiishikilie steringi imefika mwisho, hapo presha iko juu kabisa na oili inachemka bure.

Pampu yangu ya zamani ninayo chini ya kitanda, nzima kabisa. Yule fundi wa kwanza simu hashiki.