Usiifunge nguzo kwenye jamvi ambalo bado linatembea

Wiki iliyopita fundi sanifu mmoja kijana wa Shinyanga aliniandikia: “Shikamoo kaka. Tunajenga ghala la pamba, nguzo za chuma, jamvi litakazwa kwa kebo. Bolti za nguzo nitoboe na drili zege likishakauka, au nizipange kabla ya kumwaga?” (Jamvi ni sakafu ya zege ya jengo.) Nilimpigia simu saa ileile. Swali hilo liliwahi kunigharimu miezi minane ya kazi yangu hapa Houston.

Nilifika Texas nikiwa najiamini. Dar es Salaam nilikuwa nimechora maghala mengi, na nilijua fremu ya chuma husukuma miguu yake nje. Dawa niliyofundishwa ni moja: pinda nondo kama herufi U, izungushe kwenye bolti, ilaze ndani ya jamvi, basi jamvi lote linaishika nguzo. Kwenye jamvi la kawaida inafaa kabisa. Nikaichora vilevile kwenye ghala la urefu wa mita 60.

Lakini udongo wa Houston, kama ule mweusi wa mbuga kule Shinyanga, huvimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Ndiyo maana huku majamvi mengi hukazwa kwa kebo: nyuzi 7 za chuma zilizosokotwa, kipenyo milimita 12.7, zimepakwa grisi na kuvishwa plastiki. Zege likipata nguvu, kila kebo huvutwa kwa jeki hadi karibu tani 15. Jamvi linabanwa, linafupika, kisha linaendelea kufupika kwa miezi kadiri zege linavyokauka. Kwa mita 60, jumla inaweza kufika sentimita 2. Ndiyo maana chini yake hutandikwa nailoni, liteleze.

Mimi nilikuwa nimelifunga kwa nondo kwenye kila msingi wa nguzo.

Siku chache baada ya kukaza, nyufa za mshazari zilianzia kwenye nguzo za mwisho, pande zote mbili. Nguvu iliyokusudiwa kulibana zege ilikuwa inapotelea kwenye misingi. Halafu likaja kubwa zaidi. Bolti za nguzo mbili zilikuwa zimehama mahali pake, na mafundi wa chuma, bila kumuuliza mtu, wakatoboa mpya kwa drili. Waliipiga kebo. Mlio wake bado ninao masikioni. Kebo ya namna hii haijashikana na zege, kwa hiyo ikikatika sehemu moja imekwisha urefu wote. Kwenye ukingo wa jamvi, kiraka kilichoziba kichwa chake kiliruka. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu amesimama pale.

Kwenye kikao, mchoro wangu uliwekwa ukutani, herufi za jina langu zikionekana wazi. Hakuna aliyesema kwamba wahandisi wawili walikuwa wameupitia. Nilihamishiwa kuchora ngazi na vishikio vyake kwa miezi minane. Bado inaniuma, sitaficha.

Kwa hiyo ninyi mnaotaka siku moja kuweka muhuri wenu kwenye michoro, sikilizeni. Nguzo isimame kwenye kiguzo cha zege kinachotoka kwenye msingi wake. Jamvi liachiwe uwazi kukizunguka, wa duara au mraba uliogeuzwa pembe, na ubavuni mwa kiguzo pawekwe sponji. Kebo zipindwe polepole kuupita uwazi huo, zisivunjwe kona, na nondo za mshazari zilinde pembe zake. Uwazi uzibwe baada ya kukaza, na kadiri mnavyochelewa ndivyo vizuri. Msukumo wa fremu upelekwe kwenye msingi wenyewe, au kwenye nondo ndefu zinazopita chini ya jamvi kutoka nguzo hadi nguzo ya pili. Na mkishalitenga jamvi, uzito wake hauizuii tena nguzo upepo unaponyanyua paa. Msingi uhesabiwe upya. Hapa wengi hulala.

Bolti zipangwe kabla ya kumwaga, nne kwa kila nguzo, kwa kipande cha mbao kilichotobolewa sawasawa na bamba la nguzo. Zipimwe tena zege likiwa bichi. Drili isiguse jamvi hilo kabla ya mtu kulipima kwa mashine inayoonyesha kebo zilipo, hata kama bosi anapiga kelele. Jamani, hata kama bosi anapiga kelele!

Juzi usiku yule kijana wa Shinyanga amenitumia mchoro mpya. Nondo za U ameziondoa, bolti amezipanga vizuri. Lakini kwenye nguzo nne za kona, mahali jamvi linapotembea kuliko kote, zege limechorwa limegusana na kiguzo, sponji hakuna. Nimezizungushia kalamu nyekundu zote nne, nikamrudishia.