Uzito wa jumla sawa, ekseli imezidi

Mkuu, unashangaa saruji mifuko 600, tani 30 tu, imezidi vipi pale mizani ya Vigwaza. Jumla yako iko sawa, tatizo ni mzigo umekaa wapi. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 inaangalia kila kundi la ekseli, yaani mihimili ya magurudumu: tatu za tela zenye matairi 12 mwisho tani 24, mbili za nyuma za horsi (kichwa kinachovuta tela) tani 18, ekseli ya mbele ya usukani tani 8.

Vijana wa kupakia wakiona mifuko imebaki wanairundika mkiani, maana ndiko rahisi kufika. Tabaka la mifuko 40 ni tani 2, na huko nyuma karibu zote zinakalia ekseli za tela. Halafu horsi inakuwa nyepesi, ukifika mlima Kitonga na mvua matairi yanazunguka bure. Mwambie msimamizi apunguze tabaka moja mkiani, alisogeze katikati. Asilipeleke lote mbele, utakamatwa kwenye ekseli za horsi.

Kama kiwandani kuna mizani, usiridhike na uzito wa gari zima. Simamisha ekseli za tela peke yake juu yake, soma, ndipo uondoke.

Na turubai halishiki mzigo, jamani! Funga mikanda, kisha usimame baada ya kilomita chache utingo akaze upya, kwa sababu mifuko ikitikisika inashuka na mikanda yote inalegea.